Siku nzima Msimbati na familia: hesabu ya maji, chakula na watoto

Wanaopanga kuipeleka familia kwenye ufukwe wa Msimbati wengi huanza na gari, wakamalizia na mchele na nani achangie nini. Anza na maji. Saa yanapojaa, saa yanapopwa na nguvu yanayokwenda nayo ndivyo vitaamua watoto wataoga saa ngapi, gari litapita wapi na mtakula mkiwa mmekaa upande gani. Mkikosea siku, mtafika wakati mkondo umepamba moto, na mtashinda mkiwazuia watoto kuingia baharini badala ya kuoga nao.

Msimbati iko kusini mashariki mwa Mtwara mjini, kilomita 40 hivi, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma. Hifadhi hii ilianzishwa mwaka 2000 na ina kilomita za mraba 650 hivi. Karibu theluthi yake ni nchi kavu yenye vijiji, minazi, mikorosho na mikoko. Hakuna uzio wala mabembea. Watu wanaishi humo, wanavua humo na wanazikana humo, kwa hiyo mnaingia nyumbani kwa watu.

Kuchagua siku

Tafuta kalenda ya ukutani yenye tarehe za Kiislamu, maana hizo ndizo tarehe za mwezi. Kanuni yenyewe ni fupi. Mwezi mosi na mwezi 15, yaani tarehe 1 na 15 za Kiislamu, maji ya pwani yetu hujaa kama saa 10 jioni na kitu, na hupwa kama saa 4 asubuhi. Kila siku inayofuata, ongeza dakika 50. Kutoka kujaa mpaka kupwa ni saa 6 na dakika chache.

Chukua mfano wa mwezi 3. Zimepita siku mbili, yaani saa 1 na dakika 40. Maji yatajaa karibu saa 11:40 jioni, na yatakuwa yamepwa kabisa kama saa 5:30 asubuhi. Sasa chukua mwezi 8. Zimepita siku saba, karibu saa 6, hivyo maji hujaa kama saa 4 usiku, na kwa kuwa hujaa mara mbili kwa siku, asubuhi nayo ni saa 3 na nusu hivi. Hesabu hii inaweza kukosea kwa nusu saa, wakati mwingine zaidi. Kwa matembezi inatosha, ila usiitegemee kwa gari lililoegeshwa ufukweni. Mvuvi wa hapohapo akikwambia tofauti, shika la mvuvi.

Sasa nguvu ya maji. Siku mbili tatu baada ya mwezi mwandamo na baada ya mwezi mpevu ni bamvua: maji hupwa mbali na kujaa juu sana, na tofauti ya kina kati ya kupwa na kujaa huzidi mita 3. Maji yote hayo hupita kwa saa 6 tu, ndiyo maana mkondo huwa mkali, hasa saa ya tatu na ya nne tangu yaanze kujaa au kupwa. Mwezi 7 mpaka 10, na 22 mpaka 25, ni maji mafu: hayapwi sana, hayajai sana, na mkondo hupoa.

Kwa familia yenye watoto wadogo inayokwenda mara ya kwanza, chagua maji mafu bila kusitasita. Maji yatakuwa yamejaa asubuhi, muda mzuri wa kuoga kabla jua halijawa kali, kisha yatapungua taratibu mpaka alasiri. Bamvua waachieni wenye watoto wakubwa wanaotaka kutembea kwenye mwamba asubuhi maji yakiwa yamekauka, waone vidimbwi vyenye kaa na viti vya pweza. Ni siku nzuri mno kwa hilo, lakini saa 6 mchana watoto lazima wawe wametoka kwenye mwamba, kwa sababu maji hurudi kwa kuzunguka nyuma yenu kupitia mabondeni kabla hayajafika miguuni.

Kwa majira, epuka Januari mpaka Aprili, mvua ikiwa nyingi na barabara za mchanga na udongo zikiharibika. Juni na Julai ni kukavu lakini kusi huvuma kwa nguvu na mchanga huruka mpaka chunguni. Septemba na mwanzo wa Oktoba ndio wakati wenyewe: kusi limelegea, maji yameanza kung'aa, na nyangumi wanaopita pwani hii kati ya Julai na Novemba bado wapo. Baada ya hapo korosho huanza kudondoka na nusu ya familia haitapatikana. Sikukuu za Idd na Pasaka ufukwe hujaa watu. Raha yake ni kubwa, ila kumpoteza mtoto kwenye umati nako ni rahisi. Basi wavalisheni nguo za rangi moja kali. Njano na nyekundu huonekana mbali, bluu na kijani hupotea majini.

Vitu vya kubeba kwa watu 10

Hesabu hii ni ya wakubwa 6 na watoto 4, kutoka saa 1 asubuhi mpaka saa 11 jioni.

Maji ya kunywa lita 29, yaani ndoo ya lita 20 yenye mfuniko unaobana na chupa za kujazia. Chupa hizo ziwe sita za lita moja na nusu, zigandishwe usiku. Zitapoza samaki asubuhi na kunywewa mchana. Maji ya kunawa na kuoshea vyombo, lita 20 nyingine. Wanaopunguza maji ili kuokoa nafasi ndio wanaoondoka saa 8, watoto wakilia kichwa.

Turubai la mita 4 kwa 4, kamba mita 20 na vigingi. Kivuli cha mnazi hakitoshi, na tena ni hatari kukaa chini yake, kwa kuwa nazi na kuti vinadondoka bila kutoa taarifa. Ukipata mvinje, kaa hapo, lakini usiwashe moto chini yake. Majani yake makavu yaliyolala chini hushika moto kama pamba.

Dumu tupu la lita 20 lililofungwa kizibo barabara, limefungwa kamba ya mita 15 mpinini. Hiki ndicho chombo chenu cha uokoaji. Mtu mzima akilikumbatia haendi chini. Tyubu za gari msiwape watoto wachezee majini: zinateleza, na upepo au mkondo huzipeleka nje haraka kuliko mtu anavyoweza kuogelea.

Filimbi mbili. Kanga za akiba nne. Viatu vya plastiki vya kufunga kwa kila mtoto, sio ndala, ambazo hubaki mwambani mtoto akiendelea na safari. Kibanio cha nyusi, dawa ya kidonda, bandeji, chumvi na sukari za kunywa mtu akiharisha. Chupa ya chai yenye maji ya moto matupu, na sababu yake tutaiona. Viroba viwili vya taka. Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea tarehe 1 Juni 2019, kwa hiyo bebeni vitu kwenye vikapu na mifuko mbadala.

Chakula

Hapa ndipo safari nyingi huharibikia. Wali wa nazi uliopikwa saa 10 usiku, ukapakiwa wa moto kwenye ndoo ya plastiki na kufunikwa, mchana utakuwa umechacha. Ndoo haiutunzi moto wa kutosha kuzuia vijidudu na haiuachi upoe, hivyo wali hukaa vuguvugu kwa saa 8, na tui ndilo linalotangulia kuharibika. Ukifunua utaona uzi mwembamba unavutika kwenye kijiko, na harufu kama ya togwa. Ukifika hapo hauponi kwa kupashwa. Umwage.

Vinavyohimili safari ni muhogo wa kuchemsha, chapati, mayai ya kuchemsha yasiyomenywa, samaki wa kukaanga wakavu na ming'oko, vile viazi pori vya kusini. Ming'oko ya kilo 3 huwatosha watu 10 kwa kutafuna asubuhi nzima: ioshe udongo wote, ichemshe na chumvi kwa saa moja hivi mpaka ganda liachie kwa kubinywa na vidole, mwaga maji, iache ipoe wazi ndipo uipakie. Ikifungwa ikiwa na mvuke hutoa utelezi.

Wali upikieni hukohuko. Kilo 2 za mchele, nazi 4 zilizokunwa nyumbani na kufungwa pembeni ya chupa za barafu, na samaki kilo 3. Mkaa kilo 5 utapika wali na kuchoma samaki wote, na kubaki kidogo wa chai. Chimbeni shimo la kina cha kiganja upande usio na upepo, pangeni mawe matatu, na zungushieni bati au kipande cha turubai kilicholowa upande wa kusi. Mchele uoshwe nyumbani na kukaushwa, ili msimalize maji ya kunywa kwa kuosha mchele.

Samaki mnaweza kununua kwa wavuvi wa Msimbati asubuhi. Angalia matamvua yawe mekundu na jicho liwe limejaa. Jodari na vibua visikae juani hata saa moja: nyama yao hutengeneza sumu inayowasha uso, kuuma kichwa na kuleta mapigo ya moyo ya haraka, na kupika hakuiondoi. Msinunue samaki aliyekwishachunwa ngozi na kukatwa kichwa ikiwa hamjui ni nani. Anaweza kuwa bunju, yule samaki anayejivimbisha, na sumu ya bunju inaua. Mkiletewa nyama ya kasa, kataeni. Kasa analindwa na sheria, na nyama yake inaweza kuwa na sumu isiyojulikana kwa macho. Machi 2024 katika Kisiwa cha Panza, Pemba, watoto 8 na mtu mzima mmoja walifariki baada ya kuila.

Njiani na getini

Ondokeni mjini saa 12 na nusu asubuhi. Njia inapita Madimba, penye mitambo ya kusafisha gesi ya Mnazi Bay, kisha inaingia Msimbati. Magari ya abiria yapo, lakini yanafuata haja ya wanakijiji, ambao huenda mjini asubuhi na kurudi baadaye, kinyume na safari yenu. Mkienda nayo, patanieni gari la kurudi kabla hamjashuka. Kukodi Noah moja kwa siku nzima ni salama zaidi kwa wenye watoto.

Getini mtalipa kiingilio cha hifadhi kwa namba ya malipo. Wekeni fedha kwenye simu mkiwa mjini, maana mtandao ukisuasua mtakaa juani. Kila mtu mzima awe na kitambulisho cha NIDA, kwa kuwa kiingilio cha raia ni kidogo kuliko cha mgeni. Tunzeni risiti ndani ya gari mpaka mtoke. Hapohapo ulizeni mambo matatu: maji yanajaa saa ngapi leo, wapi watoto wanaoga bila shida, na choo kiko wapi. Watu wa hapo wanajua.

Kijijini piteni kwa adabu ya pwani. Kanga kiunoni na mabegani hadi mfike ufukweni, shikamoo kwa wazee, muziki uzimwe mkipita karibu na msikiti, na msimpige picha mama anayerudi na pweza wake bila kumwomba. Mkimnunua pweza huyo kwake, mtakuwa mmeanza vizuri.

Kutoka Msimbati kwenda Ruvula, kwenye ncha ya ufukwe, ni mchanga mtupu. Gari dogo na Noah ziishie kijijini. Gari lenye nguvu magurudumu yote manne lipunguzwe upepo wa tairi kutoka PSI 32 mpaka 18, ili tairi ilale na kukanyaga eneo pana. Endesha polepole bila kusimama na bila kukata kona kali. Gari likianza kuzama, acha mafuta mara moja. Kila mzunguko wa gurudumu unalichimbia kaburi. Fukueni mchanga mbele ya tairi zote nne, wekeni makuti au magunia, kisha litoke kwa gia ndogo. Wanaopita ufukweni maji yakiwa yamepwa wasisahau kwamba njia hiyo itafunikwa. Tazama mstari wa mwani mkavu juu ya mchanga: huko ndiko maji yalikofika mwisho. Gari na turubai vikae juu ya mstari huo, hatua kumi zaidi.

Kuoga

Sehemu nyingi za pwani hii mchanga hulala kwa mbali. Upande wa Ruvula si hivyo. Chini hukatika ghafla, na mtoto aliyesimama maji yakimfika kiunoni anaweza kupiga hatua tatu akakosa pa kukanyaga. Mtu mzima atangulie kuingia, apime kwa miguu, kisha akachomeke vijiti viwili vyenye kitambaa pale maji yanapomfika mtoto mdogo zaidi kifuani. Hakuna kuvuka vijiti. Maji yakipanda au kushuka, vijiti vihamishwe kila nusu saa.

Mlinzi mmoja kwa watoto watatu, akiwa ndani ya maji, siyo mkekani. Kazi hiyo iende kwa zamu za dakika 30 na ikabidhiwe kwa mkono: anayevaa filimbi shingoni ndiye mlinzi, na hawezi kuivua mpaka mwingine aivae. Anayelinda hapiki na hashiki simu. Inaonekana ukali kupita kiasi, lakini tatizo la ufukweni siku zote ni lilelile, wakubwa saba wapo na kila mmoja anadhani mwenzake anaangalia.

Mjue pia kuzama kunavyoonekana. Mtoto anayezama hapigi kelele wala hapungi mkono. Husimama wima majini, kichwa kimelala nyuma, mdomo usawa wa maji, nywele zimefunika macho, mikono inasukuma chini kama anayepanda ngazi. Yuko kimya. Hali hiyo haidumu hata dakika moja kabla hajaenda chini. Mtoto aliyenyamaza ghafla mwite jina, na asipojibu nenda.

Mtu akichukuliwa na mkondo, asishindane nao kurudi moja kwa moja. Alale chali, apumue, kisha aogelee kwa ubavu wa ufukwe mpaka mkondo umwachie. Aliye nchi kavu amtupie dumu, kamba ikiwa mkononi. Kumfuata kwa kuogelea bila chombo ndiko kunakotoa misiba miwili badala ya mmoja. Akitolewa hapumui, msimning'inize miguu juu wala kumkamua tumbo. Mlazeni chali, inueni kidevu, mpulizieni pumzi 5, kisha kubana kifua mara 30 kwa pumzi 2 bila kukoma, huku mwingine akipiga 112 na dereva akiwasha gari.

Kwenye mwamba, tembeeni juu ya mchanga na mawe yaliyokufa tu. Tumbawe lililo hai huvunjika kwa kisigino, na ndilo nyumba ya samaki mnaotaka kuwaona. Kombe na matumbawe havibebwi kwenda nyumbani, hata yale mazuri ya kuwekwa dirishani. Ni kosa hifadhini.

Kwenye maji ya magotini yenye mchanga, fundisheni watoto kuburuza miguu badala ya kuinua. Taa, yule samaki bapa mwenye mwiba mkiani, hujifukia mchangani na akiguswa ubavuni hukimbia, akikanyagwa mgongoni huchoma. Hapo ndipo chupa ya chai inapofanya kazi. Tumbukizeni mguu kwenye beseni la maji ya moto kadiri mtu mzima asiyeumia anavyoweza kuvumilia kwa mkono wake, kwa saa moja mpaka moja na nusu, mkiongeza ya moto yanapopoa. Joto huvunja nguvu ya sumu. Fanyeni vivyo hivyo kwa yule samaki anayejifanya jiwe. Kwa miiba mirefu myeusi ya wadudu wa mwambani, toeni inayoonekana kwa kibanio, msichimbe iliyokatikia ndani. Yavuyavu akimgusa mtoto, suuzeni kwa maji ya bahari, msisugue kwa mchanga. Aliyechomwa na taa kifuani au tumboni, au anayepumua kwa shida, anakwenda Hospitali ya Rufaa ya Ligula, Mtwara mjini, bila kungoja chakula kiive.

Kufunga safari

Saa 9 na nusu zimeni moto. Msifukie makaa. Mchanga uliofunika makaa hubaki na joto saa nyingi huku juu ukionekana mweupe na wa kawaida, na anayeukanyaga huwa ni mtoto wa familia itakayofika baada yenu, akikimbilia majini. Mwagieni ndoo mbili za maji ya bahari, koroga kwa kijiti, mwagia tena, kisha tia kiganja karibu. Kikiwa baridi, zoeni majivu mtie kwenye kopo.

Taka zote zirudi mjini, pamoja na nepi na mifupa ya samaki. Nepi ikifukiwa, kaa huifukua usiku.

Hesabuni watoto kwa majina, si kwa idadi. Idadi inaweza kutimia kwa mtoto wa jirani aliyeingia kucheza. Jazeni upepo wa tairi kabla ya kushika barabara ngumu, maana tairi laini kwenye mwendo wa kasi huchemka na kupasuka. Na kesho yake asubuhi, kabla chumvi haijaanza kula vyuma, mwagieni maji ya bomba chini ya gari, ndani ya rimu na kwenye breki, ndoo nne au tano, hata kama gari ni la kukodi.